Fundi wa dari ya jipsamu: kumtafuta, kupatana naye na kumkagua kabla hajafunika

Dari ya sebule yangu ilifungwa mwaka 2022. Ikapigwa rangi nyeupe, ikazungushiwa mikanda ya maua, ikatobolewa matundu manane ya taa ndogo. Kila mgeni aliyeingia alitazama juu kwanza ndipo akasalimia. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipoipiga Dar es Salaam, katikati ya ile dari pakaanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka siku moja mwanangu akasema, "Mama, dari ina mimba." Fundi wa pili alipokata kipande tuone ndani, tulikuta mbao zimeachana karibu sentimita 90, bodi zenyewe ni zile nyembamba za milimita 9, na sehemu nyingi zimeshikwa na misumari mitupu. Fundi wa kwanza akawa hapatikani kwenye simu. Hata angepatikana, ningemdai nini? Nilishammalizia hela yake siku bodi zilipopanda, pauda, ule unga wa kuziba viungio na kulainisha uso, haijakauka.

Bei yake haikuwa ya kutupa wala ya kuogopesha, ilikuwa ile ile ya mtaani. Nililofanya ni kununua mbuzi kwenye gunia. Dari ya jipsamu ni kazi ya tabaka: mbao zinafunikwa na bodi, bodi inafunikwa na pauda, pauda inafunikwa na rangi, na kila tabaka linasitiri uzembe wa lile lililotangulia. Ukingoja mwisho ndipo ukague, unakagua rangi tu. Hatua ninazozieleza hapa, za kutafuta fundi, kupatana naye na kumlipa, zote nimezipanga ili kila tabaka ulione kwa macho yako likiwa bado wazi.

Hatua ya 1: Jua unamwitia fundi kazi gani

Kama nyumba ni mpya na dari haijawahi kufungwa, jambo la kwanza ni paa. Acha bati zipigwe na mvua kubwa angalau moja kabla hujafunga dari. Wanaojenga kwa haraka hufunga dari kiangazi, masika ya Machi yakiingia ndipo wanagundua msumari wa bati umekosa raba. Jipsamu haivumilii maji. Bodi ikilowa hata mara moja hulainika, na ikikauka hairudii nguvu yake.

Kama ni ukarabati, usimwambie fundi "dari imeharibika, njoo uone." Tazama kwanza mwenyewe, maana kila alama ina maana yake.

Doa la rangi ya chai lenye ukingo mweusi zaidi ni maji. Yametoka kwenye bati, kwenye bomba lililopita juu, au kwenye mpira wa kiyoyozi ulioziba, na huo wa kiyoyozi husahaulika sana. Hapo anayeanza ni fundi bati au fundi bomba, fundi jipsamu anafuata. Mtu akija akaliona doa akafungua kopo la rangi, mrudishe. Rangi ya maji haizuii doa, baada ya wiki mbili litajitokeza tena. Kama bodi bado ni ngumu ukiigonga kwa kidole, doa lipakwe kwanza rangi ya chini ya mafuta ndipo ipigwe ya kumalizia. Kama kidole kinazama, kipande hicho kikatwe kitolewe.

Ufa mwembamba ulionyooka kama umepigwa rula ni kiungio cha bodi mbili. Ama hakikuwekwa tepu ya nyavu, ama mbao za juu zilikuwa mbichi zikajikunja zilipokauka. Vinundu vidogo vilivyojipanga mstari ni vichwa vya skrubu au misumari inayotoka. Madoa meusi ya ukungu bafuni maana yake ni kwamba mvuke hauna pa kutokea, na kubadilisha bodi bila kuweka dirisha au feni ya kutolea hewa ni kumpa fundi kazi ya kila mwaka.

Dari iliyoshuka tumbo ni jambo la siku hiyo hiyo. Ondoa watu na vitanda chini yake. Kama ndani kuna maji, zima umeme kwenye meni swichi, weka ndoo, kisha toboa tundu dogo kwa bisibisi mahali palipo chini zaidi ili maji yashuke polepole. Bodi moja ya milimita 12 ina uzito wa kilo 25 hivi ikiwa kavu, na ikinywa maji inazidi hapo.

Jambo moja zaidi kwa wenye nyumba za zamani, hasa nyumba za mashirika na za serikali za miaka ya 1970. Ukikuta dari au paa la shiti ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, huenda ni asbesto. Usimruhusu fundi yeyote azikate, azitoboe wala azivunje kwa nyundo, kwa sababu vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani miaka mingi baadaye. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa, fundi jipsamu haimhusu.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako kabla ya yake

Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa kila chumba. Bodi ya kawaida ni futi 4 kwa 8, yaani mita 1.2 kwa 2.4, na inafunika mita za mraba 2.88. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20. Ukigawa unapata bodi 7 kasoro kidogo, ukiongeza za kukatika unanunua 8. Mikanda ya pembeni inafuata mzunguko wa kuta, ambao kwa chumba hicho ni mita 18. Skrubu zikifungwa kila baada ya sentimita 20 kwenye mbao zilizoachana sentimita 40, bodi moja inakula kama 50, kwa hiyo chumba kizima kinataka skrubu 400.

Hesabu hii si ya kumfundisha fundi kazi. Ni ya kukusaidia siku atakapokuandikia bodi 12 kwa chumba cha bodi 8 umuulize nne ni za nini. Pengine ana jibu zuri, kwa mfano dari ya kushuka ngazi mbili inakula bodi zaidi kweli. Pengine hana.

Amua pia bodi ya wapi ni ipi. Vyumbani na sebuleni, ya kawaida inatosha. Jikoni na bafuni chukua yenye karatasi ya kijani, ambayo inavumilia unyevu wa hewani, ila usidanganyike kwamba inavumilia maji ya kuvuja. Barazani, mahali mvua ya upepo inapofika, achana na jipsamu kabisa, weka mbao au PVC.

Hatua ya 3: Mtafute fundi kupitia nyumba, acha picha

Siku hizi kila fundi ana picha. Ukifungua status yake unaona dari zenye taa za bluu zinazozunguka kama meli, na nyingine utaikuta kwenye simu ya fundi mwingine wa Mwanza. Picha hupigwa siku rangi inapokauka. Siku hiyo hata dari yangu ilikuwa nzuri.

Mwambie hivi: "Fundi, nipeleke kwenye nyumba uliyofanya mwaka juzi." Unatafuta dari iliyokwisha kupita masika mawili. Ukifika, usitazame maua. Simama mlangoni utazame dari kwa kulalia, kama mtu anayetazama maji ya bahari kutoka ufukweni, uone kama kuna mawimbi. Kagua pembe za mikanda kama zimeachia. Tazama pangaboi kama limezungukwa na nyufa. Halafu omba namba ya mwenye nyumba, umpigie ukiwa peke yako, na swali liwe moja: "Baada ya kumlipa hela yake yote, alirudi ulipomwita?" Majibu ya swali hilo yamewahi kuniokoa mara mbili.

Majina mazuri hutoka kwa majirani waliomaliza kujenga, kwa fundi umeme na fundi rangi. Hawa wawili nawaamini kuliko wenye duka, kwa kuwa fundi umeme hupita juu ya mbao za dari na fundi rangi ndiye anayerithi mawimbi ya mwenzake. Mwenye hadiwea naye atakupa jina, ila huenda jina hilo lina cha juu ndani yake.

Vyeti? Mafundi wengi wazuri wa jipsamu wamejifunza kazini, walianza wakiwa saidia fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa aina hiyo na kuwapa cheti cha ujuzi walionao, na akiwa nacho ni jambo la heri. Asipokuwa nacho, nyumba ya mwaka juzi ndiyo cheti. Kazi ikiwa kubwa, mfano ghorofa nzima au ofisi ya kugawanya kwa partisheni, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Utalipa zaidi, ila una pa kwenda kushtaki.

Hatua ya 4: Muulize maswali matano

Waite watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wapime chumba kile kile. Usiwauzie jibu. Mimi niliuliza hivi.

"Mbao unaziachanisha kiasi gani?" Jibu unalolitaka ni sentimita 40 kwa bodi ya milimita 9, na isizidi 60 kwa ya milimita 12. Vipimo hivyo vinaingia sawasawa kwenye bodi ya mita 2.4, kila ncha ya bodi ikaangukia kwenye mbao. Mmoja aliniambia, "Dada, mimi sipimi, jicho langu limezoea." Nikamshukuru, nikampa hela ya nauli.

"Unafunga kwa nini, msumari au skrubu?" Skrubu. Msumari unashika leo, joto la bati na baridi ya usiku vikiivuta mbao miezi sita, unaanza kuteleza.

"Kwenye viungio unaweka nini?" Asipotaja tepu mwenyewe, bila kukumbushwa, mtilie shaka.

"Pauda unapiga mikono mingapi?" Mitatu, yaani kupaka mara tatu, kila mmoja ukiachwa ukauke. Anayesema siku moja anamaliza na kupiga msasa, anazungumzia kazi nyingine.

"Pangaboi utalining'iniza wapi?" Hili ndilo swali ninalolipenda. Fundi anayejua kazi ataacha kukutazama wewe na kutazama juu kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa.

Bei hutajwa kwa bodi, kwa mita ya mraba au kwa chumba, kwa hiyo zigeuze zote ziwe za aina moja ndipo ulinganishe, na uulize kama ndani yake kuna mikanda, matundu ya taa na skimingi, yaani kulainisha kuta kwa pauda. Bei ya chini kabisa huwa imeacha kitu nje. Kitu hicho mara nyingi ni mkono wa tatu wa pauda.

Hatua ya 5: Andikeni, hata kwenye daftari

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Tatizo ni kuyathibitisha. Karatasi moja inatosha: majina yenu na namba za vitambulisho vya NIDA, simu, vyumba vya kufanywa na vipimo vyake, unene wa bodi, umbali wa mbao, nani ananunua vifaa, siku ya kuanza na ya kumaliza, nani anatoa takataka, na hela inalipwa lini. Mtie saini wote wawili, na shahidi mmoja kila upande. Wengine humwita mjumbe, si vibaya, fundi hujua kwamba mtaa unamfahamu.

Mgawanyo wa hela ya ufundi ndio moyo wa karatasi hiyo. Huu ndio nilioutumia mara ya pili na sitauacha:

Asilimia 30 mbao zikiwa zimekamilika na nimepanda ngazi kuzikagua.
Asilimia 30 bodi zikiwa zimefungwa, kabla ya tone lolote la pauda.
Asilimia 30 pauda ikiwa imekauka na kupigwa msasa, kabla ya rangi.
Asilimia 10 baada ya mvua kubwa ya kwanza, au miezi mitatu, lolote litakalotangulia.

Fundi atalalamika kuhusu ile 10. Ana haki ya kulalamika, kwa maana wenye nyumba nao ni wajanja. Mafundi wengi wana hadithi ya bosi aliyehamia ndani, akaweka makochi, kisha akawa "kwenye kikao" miezi minane. Kwa hiyo mhakikishie kwa vitendo. Mpe posho ya chakula ya kila siku kwa ajili yake na saidia wake, uiandike kama sehemu ya hela yake, na kila hatua ikipita mlipe jioni hiyo hiyo. Lipa kwa simu, ujumbe wa muamala ndio risiti ya wote wawili.

Hela ya vifaa usiichanganye na ya ufundi. Akisema "nitumie ya bodi, nitaenda mwenyewe Kariakoo, usisumbuke," sumbuka.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda na fundi, achague yeye, ulipe wewe. Tazama bodi zilivyohifadhiwa: ziwe zimelazwa juu ya vipande vya mbao, ndani. Zilizosimamishwa ukutani kwa miezi huwa zimejikunja. Pitisha mkono kwenye kingo, karatasi isiwe imebanduka wala kuwa na alama ya maji. Pima unene kwa rula, usiamini maandishi. Mfuko wa pauda uuminyeminye: ukihisi mabonge, ulishapata unyevu.

Mbao ndizo zinazopuuzwa zaidi. Paini za mbili kwa mbili zinazoletwa mjini, nyingi za kutoka Mufindi, mara nyingine zinafika bado mbichi. Nyanyua mbili za urefu mmoja, ile nzito ina maji. Ifunge kwenye dari leo, na ikikauka itajipinda na kuvuta bodi. Kama huna haraka, nunua mapema, zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati hewa ipite, wiki tatu au nne. Chukua zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, kwa sababu ya mchwa.

Usafiri. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, sehemu yake ya nyuma ni fupi kuliko bodi ya mita 2.4, na shiti zinazoning'inia nje hucheza kwenye kila tuta mpaka zinapata ufa katikati usioonekana. Omba gari refu kidogo, au tandika mbao mbili ndefu chini yake. Zibebwe na watu wawili, zikiwa zimesimama kwa ubavu. Wakizilaza kichwani kama kitanda, zinapinda.

Hatua ya 7: Kagua tabaka kwa tabaka

Hapa ndipo unapolipwa kwa usumbufu wako wote. Omba ruhusa kazini kama ni lazima. Ziara tatu zinatosha, na kila moja haizidi nusu saa.

Ziara ya kwanza, mbao. Panda ngazi na futi kamba. Usipime mahali pamoja, pima kona, katikati, na karibu na mlango, hapo mwishoni ndipo fundi aliyechoka anapoanza kutanua. Kisha chukua uzi, wewe upande huu na saidia upande ule, uuvute ukutane na uso wa chini wa mbao. Mbao zote ziguse uzi. Inayoacha nafasi ya kidole itakuwa wimbi, na inayousukuma uzi itakuwa kinundu. Fundi aseme ametumia mpira wa maji au pimamaji, uzi ndio utakaokwambia kama ni kweli. Shika mbao moja uivute chini kwa nguvu kama mtoto anayetaka kuning'inia. Isicheze. Mbao za ukutani ziwe zimeshikwa na skrubu zenye plagi za plastiki zinazozamishwa ukutani, kwa kuwa msumari kwenye lipu hushika lipu tu.

Siku hiyo hiyo awepo fundi umeme. Nyaya ziwe ndani ya paipu zake, kila taa ionyeshwe mahali pake ili tundu lisiangukie juu ya mbao. Ndoano ya pangaboi ishikwe na kenchi yenyewe, au na mbao nene iliyolazwa kati ya kenchi mbili. Mbao za dari zimewekwa kubeba bodi, basi. Pangaboi likizunguka linatikisa, na mtikisiko huo ndio unaochora zile nyufa za mduara. Mkumbushe fundi pia aache tundu la kupandia, futi 2 kwa 2, mahali kama koridoni au stoo. Usipoacha, siku bomba likivuja utakata dari mpya.

Piga picha za mbao zote, ukuta hadi ukuta. Mwaka kesho ukitaka kuning'iniza kitu, picha hizo zitakuonyesha mbao ilipo.

Ziara ya pili, bodi. Uso wenye karatasi laini nyeupe ndio unaoangalia chini, mgongo wa kahawia au wa kijivu unaangalia bati. Viungio vipishane kama matofali, pasiwe na mahali pembe nne za bodi zinakutana, maana hapo ndipo ufa huanzia. Kila ukingo ulale juu ya mbao, na kama kuna ukingo unaoelea, bonyeza kwa kidole utaona unashuka. Sasa pitisha kiganja juu ya skrubu. Kichwa kiwe kimezama kidogo tu, karatasi ikiwa haijachanika. Kikisimama nje, kitakuwa kinundu. Kikizama mpaka karatasi ikatoboka, skrubu hiyo haishiki kitu, kwa sababu nguvu ya bodi iko kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye unga wa ndani. Iongezwe nyingine pembeni yake.

Ziara ya tatu, pauda. Hii usije mchana. Njoo saa moja usiku, zima taa, washa tochi ya simu, uishikilie ukutani karibu kabisa na dari, mwanga uende kwa kulalia. Utashangaa. Dari uliyoisifu mchana inaonyesha kila mkwaruzo wa chuma, kila kiungio kilichobaki bonde, kila kichwa cha skrubu. Mimi nilizungusha alama za penseli 31 kwenye dari ya chumba kimoja. Fundi wangu wa pili alizitazama asubuhi, akacheka, akasema, "Mama umenipa homework." Akazirekebisha zote kabla ya saa sita. Rangi ikishapita, kazi hiyo hiyo ni ugomvi.

Mchana ukipita wakati wanachanganya pauda, tazama ndoo. Pauda iliyoanza kuganda haiongezewi maji ikakorogwa upya, inapoteza nguvu na baadaye inamenyuka kama magamba. Imwagwe, wachanganye nyingine kidogo kidogo. Kipindi cha masika usiwakimbize, mkono mmoja unaweza kutaka siku mbili kukauka. Na vumbi la msasa ni jingi kuliko unavyodhani: toa vyombo, funika madirisha ya vyumba vingine, wanunulie barakoa hata kama wanakuambia wamezoea.

Ukarabati mdogo: kiraka kinavyopaswa kuwa

Fundi wa kiraka ni wa kusimamia zaidi, maana kazi ni ndogo na anataka kuimaliza haraka aende kwingine. Tundu la ngumi au la fundi umeme halizibwi kwa kusokota gazeti na kupaka pauda. Likatwe liwe la mraba mpaka kwenye bodi nzima iliyo kavu. Nyuma yake vipitishwe vipande viwili vya mbao, vishikwe na skrubu kutoka chini. Kipande kipya cha unene ule ule kikae humo kwa uhuru, kisilazimishwe. Kisha tepu pande zote nne, na mikono mitatu ya pauda, kila mmoja ukitanuka kuliko uliotangulia, wa mwisho ufike sentimita 15 nje ya kiungio au zaidi. Ndiyo maana kiraka cha ukubwa wa sahani kinahitaji fundi arudi siku tatu, na ndiyo maana bei yake haiwi ndogo kama tundu lenyewe. Kama una viraka kadhaa, vikusanye avifanye pamoja, hasara ya nauli na ya kusubiri inagawanyika.

Rangi ya kiraka haitafanana na dari ya zamani hata ukinunua kopo la namba ile ile. Paka dari nzima, ukuta hadi ukuta.

Hatua ya 8: Siku ya kukabidhiana

Hesabu bodi zilizobaki. Vipande vikubwa na nusu mfuko wa pauda ni vyako, vilaze stoo pakavu, kiraka cha kesho kitavihitaji. Washa taa zote kwa saa moja, na pangaboi kwa mwendo wa juu, uone kama kuna kinachotetemeka. Andikeni chini ya ile karatasi kwamba kazi imepokelewa tarehe fulani, na kwamba asilimia 10 imebaki.

Kisha subiri mvua. Siku ikinyesha ile ya kweli, ile ya kuamsha watu usiku, usitazame dari kwa chini. Weka ngazi koridoni, fungua lile tundu, ingiza kichwa na tochi, uangaze mgongo wa bodi kutoka ukuta mpaka ukuta. Ukiona mgongo mkavu, wa kijivu kama ulivyotoka dukani, shuka umtumie fundi hela yake kabla hujarudi kulala.